Mwaka wa sita bila mkate wala wali, mbona kilo zinarudi?

Swali limekuja refu, nalifupisha: "Mtaalamu habari za kazi. Mimi ni mama wa miaka 47. Nilianza kupunguza wanga miaka sita iliyopita nikiwa na kilo 94, baada ya mwaka na miezi miwili nikafika 71, watu wakawa hawanitambui. Tangu hapo sijarudi kwenye mkate, wali, viazi wala sukari, wanga wangu kwa siku hauvuki gramu 30 na sisemi uongo. Lakini kilo zinapanda polepole, leo niko 80. Nimejaribu kushusha wanga mpaka karibu na sifuri, nimejaribu kufunga siku mbili mbili, zinatoka kilo mbili halafu zinarudi zote. Vijiti vya mkojo bado vinaonyesha nina ketoni (zile kemikali mwili unazotengeneza ukichoma mafuta badala ya wanga). Je mwili umeshazoea hii daieti? Ni homoni za umri? Au nishushe wanga zaidi na zaidi?"

Dada, nimekuamini. Naanza hapo manake najua umeshaambiwa na watu wengi kwamba unakula kwa kujificha, na hiyo kauli inauma kuliko hata hizo kilo. Naamini kabisa wanga wako ni gramu 30. Na ndo maana jibu langu la swali la mwisho ni hapana, usishushe zaidi, kwa sababu hizo kilo 9 hazijaingia kupitia mlango wa wanga. Ule mlango umeufunga vizuri miaka sita, zimepita mlango mwingine ambao uliambiwa hauna haja ya kulindwa.

Tuanze na hesabu kidogo, usikimbie. Kilo 9 kwa karibu miaka mitano ni kama gramu 150 kwa mwezi. Gramu 150! Huwezi kuiona kwenye mizani ya bafuni, maji uliyokunywa asubuhi yanazidi hapo, chumvi ya jana inazidi hapo. Kilo moja ya mafuta ya mwilini inabeba kama kalori 7,700, kwa hiyo ukigawanya utaona mwili wako umekuwa ukiweka akiba ya kama kalori 40 tu kwa siku. Lakini hesabu hiyo inadanganya kidogo, kwa sababu mwili ukiongezeka na matumizi yake yanaongezeka, kwa hiyo ili uendelee kupanda inabidi chakula nacho kiendelee kupanda. Mtafiti mmoja wa Marekani, Kevin Hall, na wenzake walishaichora hii hesabu mwaka 2011, na ukiichukua kwa kukadiria ni kwamba kila kalori 10 unazoongeza kwa siku na kuziacha zibaki hapo, mwishowe zinakuletea karibu nusu kilo, nusu yake ndani ya mwaka wa kwanza na karibu yote ndani ya miaka mitatu. Sasa rudi kwako. Kilo 9 maana yake ni kwamba leo unakula kama kalori 200 kwa siku zaidi ya zile zilizokuwa zinakushikilia kwenye 71. Mia mbili tu. Kijiko kimoja cha mezani cha mafuta ya kupikia kina kama 120, yaani stori yako yote ya miaka mitano ya kulia mbele ya mizani haifiki vijiko viwili vya mafuta kwa siku.

Ndo maana nasema nakuamini. Mtu hawezi kuona kalori 200, mimi mwenyewe sizioni na hii ni kazi yangu.

Sasa kwa nini mwanzo ilifanya kazi vile? Wiki ya kwanza ilikuwa maji, hilo labda unalijua. Mwili unaweka wanga kwenye ini na misuli kama glaikojeni, kwa mtu mzima ni kama gramu 400 mpaka 500 hivi, na kila gramu inashikana na gramu tatu hivi za maji, kwa hiyo ukikata wanga hiyo akiba inaisha na maji yake yanatoka, hapo kilo mbili zimeondoka na hujachoma mafuta ya maana. Weka hiyo pembeni, tutairudia. Baada ya hapo ndo ilikuja kazi yenyewe, na kazi yenyewe ilikuwa njaa kupungua. Ketoni zikiwa juu watu wengi hamu ya kula inatulia, protini nayo inashibisha, halafu (hili watu hawalisemi) nusu ya vitu ulivyokuwa unakula vilipigwa marufuku kwa siku moja. Biskuti hakuna, soda hakuna, keki ya ofisini hakuna, chipsi hakuna. Ukabaki na nyama, mayai, mboga na samaki, na hakuna mtu anayeamka usiku wa manane kwenda kutafuna mayai ya kuchemsha. Ulikuwa unakula kidogo bila kujua unakula kidogo. Huo ndo uzuri wa wanga kidogo na siubezi, nimeona watu wamebadilika maisha.

Ila ona kinachotokea muda ukienda. Kuna jaribio la mwaka 2003 la Marekani, watu 63, wengine wanga kidogo wengine mafuta kidogo. Miezi mitatu wanga kidogo wanaongoza, miezi sita wanaongoza, ukifika mwaka tofauti ya maana imepotea kwa sababu kilo zilikuwa zimeanza kurudi. Likaja kubwa zaidi la Christopher Gardner wa Stanford, matokeo yalitoka 2018, watu 609 kwa mwaka mzima, wanga kidogo walipungua kilo 6.0 kwa wastani na mafuta kidogo 5.3, yaani sare. Lakini ndani ya kila kundi kuna mtu alipungua karibu kilo 30 na mwingine aliongezeka karibu 10, kwa daieti ileile. Kwa hiyo wewe siyo kioja. Kilo kurudi polepole ni tabia ya kila njia ya kupunguza uzito inayojulikana, wanga kidogo haina kinga, ilichokuwa nacho ni mwanzo mzuri.

Umeuliza kama mwili umezoea. Ndiyo na hapana. Hakuna kitu kinaitwa mwili kuzoea kukosa wanga halafu ukaanza kunenepa kwa hewa. Kilichopo ni kwamba ulipotoa kilo 23 mwili ulizihesabu kama hasara. Makadirio ya Hall na wenzake ni kwamba kwa kila kilo uliyopunguza matumizi ya mwili yanashuka kama kalori 20 mpaka 30 kwa siku, na hamu ya kula inasukumwa juu kwa kama kalori 100 kwa siku. Soma tena hiyo namba ya pili. Watu wote wanalalamika metaboli, metaboli (yaani mwili unavyotumia nishati), kumbe upande wa njaa ndo unasukuma mara tatu au nne zaidi. Na haichoki haraka: watafiti wa Australia mwaka 2011 walipima homoni za njaa na shibe za watu waliopungua, mwaka mmoja baadaye bado zilikuwa zimekaa upande wa "kula, kula". Wale washiriki 14 wa lile shindano la televisheni la kupungua uzito la Marekani, walipopimwa miaka sita baadaye miili yao ilikuwa inatumia kama kalori 500 kwa siku chini ya inavyotarajiwa kwa watu wa ukubwa wao. Hao ni watu waliopungua kwa fujo kubwa, usijiweke moja kwa moja pale, lakini mwelekeo ni huohuo. Kwa hiyo wewe kwa miaka sita umekuwa na mtu nyuma yako anakusukuma taratibu kila siku, na wewe umesimama, ukisogezwa nusu hatua kwa mwezi. Sijui nani asingesogea.

Na umri? Hapa wengi hawanipendi. Mwaka 2021 ulitoka utafiti mkubwa wa watu zaidi ya 6,400 wa nchi 29, toka vichanga wa siku nane mpaka wazee wa miaka 95, ukaonyesha kwamba ukizingatia ukubwa wa mwili, matumizi ya nishati yanakaa palepale toka miaka 20 mpaka 60, baada ya 60 ndo yanaanza kushuka kidogo kidogo. Wewe una 47. Metaboli haijazeeka. Kinachobadilika kwenye miaka yako ni vitu vingine, misuli inapungua kama haitumiki, usingizi unavurugika, unakaa kwenye kiti zaidi, na hedhi ikianza kuelekea kukoma mafuta yanahama kutoka mapajani kwenda tumboni hata kama mizani haijasogea sana. Kwa hiyo usikatae homoni, ila usizipe kesi yote.

Sasa twende kwenye ule mlango.

Miaka ile ya kwanza ulikula mayai na nyama na majani. Mwaka wa pili ukajua kuna korosho na lozi. Mwaka wa tatu ukagundua unga wa lozi unatengeneza mkate, keki, hata pizza. Mwaka wa nne madukani wakajaa biskuti na chokoleti zimeandikwa keto, yaani za wanga kidogo sana, kwa herufi kubwa. Kati kati hapo mtu akakuambia weka siagi na mafuta ya nazi kwenye kahawa, inachoma mafuta, na ukaamini kwa sababu ni mafuta na mafuta hayapandishi insulini, ile homoni inayoingiza sukari na mafuta kwenye seli. Sijui kama ndo wewe hasa lakini nimekaa na watu wengi wa mwaka wa tano na wa sita na stori zinafanana mpaka naweza kuzimalizia. Sheria hazijavunjwa hata moja, wanga bado gramu 30, ila ule ukuta uliokuwa unazuia vitu vitamu vya kutafuna bila njaa umeshatobolewa pande zote, na vilivyoingia vina kalori nyingi kuliko vilivyotolewa. Unga wa lozi gramu 100 una kama kalori 600, wa ngano hata 370 haufiki. Wanga una kalori 4 kwa gramu, protini 4, mafuta 9. Ukikosea kukadiria mboga umekosea kalori 20, ukikosea kukadiria mafuta umekosea 200, na 200 tumeshasema ndo kesi nzima.

Mimi yamenikuta haya. Nilikula wanga kidogo miaka minne, nikapanda kilo 6, nikawa nawaambia watu mimi napima kila kitu. Siku moja mizani ya jikoni ilikuwa wazi mezani, nikaweka kikaangio juu yake, nikairudisha kwenye sifuri, nikamimina mafuta kama ninavyomimina siku zote, ule mzunguko mmoja wa haraka ambao kichwani mwangu ulikuwa unaitwa kijiko kimoja. Gramu 31. Kijiko kimoja cha mezani ni gramu 13 au 14. Nikadhani mkono umeteleza nikafuta nikarudia, gramu 29. Nikachukua korosho, kiganja kimoja, kile ninachokula nikisubiri chakula kiive, nikakiweka kwenye bakuli: gramu 58, wakati kwenye daftari langu ilikuwa imeandikwa 30. Hapo hata sijakaa mezani bado nimeshaongeza kama kalori 300 ambazo hazipo kwenye hesabu yoyote, na mimi ndo ninayelipwa kuwafundisha watu kuhesabu. Nilicheka peke yangu. Mwaka 1992 watafiti waliwachukua watu waliosema wanakula kidogo sana na hawapungui, wakawapima kwa njia za maabara, wakakuta kwa wastani wanaripoti karibu nusu tu ya wanachokula, pungufu asilimia 47, na metaboli zao zilikuwa za kawaida. Walikuwa watu wakweli. Nilikuwa nausoma ule utafiti nikiwafikiria wateja wangu, mpaka hiyo siku.

Kuhusu vijiti vya mkojo. Kijiti kinakuambia kwamba mwili unachoma mafuta, hakikuambii mafuta hayo yametoka wapi. Ukinywa kahawa yenye siagi na mafuta ya nazi ketoni zitapanda vizuri kabisa, na mafuta yaliyotumika ni ya kwenye kikombe, ya kiunoni yamekaa yanakuangalia. Halafu vile vijiti vinapima ketoni zinazomwagwa na mkojo, aina moja tu, na rangi inabadilika kwa jinsi ulivyokunywa maji. Watu wanapima asubuhi, wanaona zambarau, wanafurahi, wanapanda mizani, wanachanganyikiwa. Kuwa kwenye ketosisi (yaani kuwa na ketoni nyingi mwilini) na kupungua mafuta ni vitu viwili tofauti.

Najua utaniuliza insulini. Ile hoja kwamba bila insulini kupanda mwili hauwezi kuhifadhi mafuta imeenea sana, nami niliipenda kwa sababu ni rahisi kueleza. Lakini insulini haiendi sifuri kwa mtu asiye na kisukari aina ya kwanza, ile ya chini inayokuwepo muda wote inatosha kabisa kuruhusu mafuta ya chakula yakae kwenye seli, wala hayahitaji ugeuzaji mwingi, yanaingia karibu kama yalivyo. Nisiwe mtu wa upande mmoja, kuna jaribio la 2018 la Boston lililosema waliopungua uzito wakila wanga kidogo wanatumia kama kalori 200 zaidi kwa siku, mabishano juu ya jinsi lilivyopimwa hayajaisha. Kwa upande mwingine Hall mwaka 2021 aliwaweka watu 20 ndani ya kituo cha utafiti, wiki mbili wanakula chakula cha wanga kidogo sana chenye nyama na mafuta, wiki mbili cha mimea chenye mafuta kidogo, waliambiwa kuleni mpaka mshibe, na kwenye kile cha mimea walikula kama kalori 550 mpaka 700 pungufu kwa siku bila kulalamika njaa. Insulini yao ilikuwa juu sana huko, na bado mafuta ya mwili yalipungua. Mimi nachukua hapo kitu kimoja tu, kwamba njia za kushiba ni zaidi ya moja.

Ule mtindo wako wa kushusha wanga mpaka sifuri na kufunga siku mbili, zinatoka kilo mbili zinarudi, ni yale maji niliyosema uweke pembeni. Ukipata akiba kidogo ya glaikojeni yanarudi. Hujanenepa kilo mbili kwa wikiendi na wala hukupungua kilo mbili kwa siku mbili. Acha kabisa huo mchezo, unakuchosha na nina wasiwasi kila baada ya kufunga unakula kwa kulipiza, sisemi kwa ubaya, ndo mwili unavyofanya.

Haya, ningekuwa nimekaa na wewe ningekuambia hivi. Wiki ya kwanza usibadilishe kitu. Chukua mizani ya jikoni na upime kila kinachoingia mdomoni siku saba, mafuta ya kikaangio, krimu ya kahawa, kile kipande cha jibini unachokata ukipita jikoni, mabaki ya sahani ya mtoto. Upande wa mafuta fanya hivi, chupa ya mafuta ipime Jumatatu asubuhi ipime Jumatatu inayofuata, gawa kwa watu mnaokula, hiyo haidanganyi. Usijirekebishe kwa sababu unapima, najua ni ngumu. Ukimaliza utaona mwenyewe, hutahitaji nikuambie.

Baada ya hapo geuza mpangilio wa sahani. Wengi wa wanga kidogo wameshika kwamba mafuta ni lengo, lazima yafike asilimia fulani. Hapana. Kama huna ugonjwa wa kifafa unaotibiwa kwa daieti ya ketogeniki, yaani mafuta mengi na wanga kidogo sana, hakuna asilimia ya mafuta unayotakiwa kuifikia. Protini ndo ya kufikia, na wewe ukiwa unalenga kama kilo 72 nakuwekea gramu 85 mpaka 115 kwa siku, gawa kwenye milo mitatu, hiyo inalinda misuli na inashibisha. Mayai mawili asubuhi ni gramu 12 au 13 tu, watu wanashtuka wakisikia, kwa hiyo mlo wako wa asubuhi wa mayai mawili na parachichi zima ni mlo wa mafuta wenye protini kidogo pembeni. Weka mayai matatu, toa nusu ya parachichi, ongeza kipande cha samaki cha jana, umeshajua ninavyofikiri. Mafuta yawe ya kuivisha chakula na kukipa ladha. Kahawa ya siagi iondoke leo. Korosho na lozi sikatazi, ila zipimwe kwenye bakuli dogo na mfuko urudi kabatini kabla hujaanza kula, siyo ukae nao mbele ya televisheni.

Na wanga, utashangaa, kwako ningepandisha. Siyo mkate na sukari, nasema maharage, dengu, matunda, mboga zenye nyuzinyuzi, mpaka kama gramu 60, 80, hata 100, ukiona tumbo linafurahi. Miaka sita ya kuogopa chungwa inatosha jamani. Bakuli la maharage linajaza tumbo kwa kalori ambazo kwenye jibini zingekuwa vipande viwili. Mizani itaruka kilo moja au moja na nusu wiki ya kwanza, ni maji, umeshajua, usipanick. Kama hutaki kupandisha, sawa, baki na 30 yako, itafanya kazi pia ukishafunga ule mlango wa mafuta, hili nakuachia.

Mazoezi hayapunguzi uzito sana lakini kwenye kuuzuia usirudi ndo yanang'ara. Marekani kuna rejista ya watu waliopungua angalau kilo 13.6 na kukaa nazo mwaka na zaidi, ilianzishwa 1994, na wengi wao kwa wastani wanafanya kama saa moja ya mwendo kwa siku, kutembea zaidi kuliko kitu kingine, na wanajipima uzito mara kwa mara. Ongeza kunyanyua vitu vizito mara mbili kwa wiki kwa ajili ya misuli, kwa umri wako ningeiweka juu ya kutembea hata. Usingizi nao hujauliza ila nauliza mimi: unalala saa ngapi? Mwaka 2022 kuna watafiti walichukua watu 80 wanene kidogo wanaolala chini ya saa sita na nusu, wakawafundisha tu kulala zaidi, hawakuwaambia chochote kuhusu chakula, wakajikuta wanakula kama kalori 270 pungufu kwa siku. Hiyo ni zaidi ya kilo 9 zako zote, kwa mto na pazia.

Kabla ya yote hayo lakini, nenda kapime. TSH (kipimo cha damu cha tezi ya shingo), sukari ya wastani wa miezi mitatu, mafuta ya damu kwa sababu kuna watu LDL (kolesteroli mbaya) inapaa sana wakila wanga kidogo na siagi nyingi na hawajisikii chochote. Mwambie daktari dawa zote unazotumia. Prednisoloni, amitriptilini, mirtazapini, olanzapini, valproeti, atenololi, sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu, insulini, glibenklamidi, zote hizi zinaweza kupandisha kilo na hakuna kiasi cha kupunguza wanga kitakachoshindana na baadhi yao. Usiache dawa mwenyewe, muulize kama kuna mbadala. Na kama unakoroma na unaamka umechoka sema hilo pia. Wasomaji wengine wenye kisukari wanaotumia insulini au zile dawa za kukojoza sukari zinazoishia na "gliflozini" wasiige kitu hapa bila daktari, ukichanganya hizo za "gliflozini" na wanga kidogo sana unaweza kupata ketoasidosisi (damu kujaa asidi ya ketoni, ni hatari) na sukari ikiwa inaonekana ya kawaida. Kitu kimoja zaidi, ukiambiwa ufanye kipimo cha kunywa glukosi waambie unakula wanga kidogo, manake bila kula wanga wa kutosha, kama gramu 150 kwa siku, siku tatu kabla, kinaweza kukutangaza una kisukari na huna.

Hiyo 71. Nilitaka kuiacha mwisho. Toka 94 mpaka 80 ni kilo 14, karibu asilimia 15 ya uzito wako wa mwanzo, na umezishikilia mwaka wa sita bila dawa. Semaglutaidi, sindano ambayo dunia nzima inaiimba, kwenye jaribio lake kubwa lililotoka 2021 ilipunguza watu asilimia 14.9 kwa wiki 68, na walioacha walirudisha kama theluthi mbili ya walichopunguza ndani ya mwaka. Simaanishi dawa ni mbaya, kama BMI yako (uzito ukilinganishwa na urefu) na magonjwa mengine yanaruhusu ongea na daktari, haina aibu. Nasema tu kwamba unajiita umefeli ukiwa umesimama mahali ambapo wengi wanalipa kufika. Inawezekana 71 ulifika kwa miezi ya mwisho ya kujinyima ambayo huwezi kuishi nayo, ulikaa pale muda gani hasa, wiki ngapi? Ungeniandikia hilo ningejua zaidi. Mimi ningelenga kwanza kusimamisha 80 miezi mitatu, halafu kushuka mpaka 75 au 76 kwa mwendo wa nusu kilo kwa wiki mbili, kiuno upime kwa utepe mara moja kwa mwezi, na tuone mwili unasemaje.

Andika zile siku saba, andika na uzito wa chupa ya mafuta, unitumie pamoja na majibu ya vipimo. Vijiti vya mkojo vilivyobaki vimalizie ukitaka, ila usinunue paketi nyingine, hiyo pesa nunua betri ya mizani ya jikoni.